Tulilinunua kwa ajili ya matope, tukalipendea kimo cha kiti

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linawataka wamiliki wa SUV (magari ya abiria yaliyoinuka juu kuliko ya kawaida) za ukubwa wa kati waseme kama gari wanaloishi nalo ndilo lile walilodhani wanalinunua. Jibu langu, baada ya miaka 6 na kilomita zinazokaribia 112,000, ni hapana, wala sisemi hivyo kwa kujuta. Sifa tulizozilipia tumezitumia kwa nadra, ilhali sifa ambayo hakuna muuzaji aliyetutajia ndiyo inayotufanya tulishikilie gari hili mpaka leo.

Nyumbani tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi ambaye magoti yake yalikwisha kuchoka. Gari dogo la siti tano lilikuwa halitutoshi, na mara chache kwa mwaka tulikuwa na safari ya kupita barabara ya udongo wakati wa mvua. Tukajiambia kwamba tunahitaji siti saba na nguvu ya kuendesha magurudumu yote manne. Hayo ndiyo mambo mawili tuliyoyauliza, hayo ndiyo tuliyoyajaribu, na kwa hayo tukatoa fedha. Hakuna aliyefikiria kuuliza kiti kiko umbali gani kutoka chini.

Siku ya kwanza mama alipolipanda, hakulipanda. Alisimama kandokando ya mlango, akageuka, akakaa kama anayekaa kwenye kitanda chake, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Katika gari letu la zamani ilimbidi ajiangushe chini ya usawa wa nyonga zake, na kutoka ilikuwa kazi ya watu wawili. Baadaye nilipima kwa futi kamba nikakuta kiti cha mbele kiko sentimita 70 hivi kutoka ardhini, yaani karibu sawa kabisa na nyonga za mtu wa kimo chake. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mgongo wangu ulikuwa ukiteseka kwa kuinama na kumfunga mtoto mkanda mpaka nilipoacha kuinama. Jambo hilo dogo hutokea mara nne, tano au zaidi kila siku, tena katika hali zote za hewa, na ndilo ambalo mtu hulikosa akirudi kwenye gari la chini.

Kimo hicho hakikuja kwa bahati, na naona inafaa kukieleza, kwa sababu nusu ya mabishano ninayoyasikia baina ya wamiliki hutokana na kuita kwa jina moja magari ya aina mbili. Ipo SUV iliyojengwa kama lori: chesisi yake, yaani fremu ya vyuma ya chini, imesimama peke yake, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Ford Explorer ilipotoka mwaka 1990 ilikuwa ya namna hiyo, na Toyota Land Cruiser Prado ni ya namna hiyo hadi leo. Ipo nyingine ambayo bodi yenyewe ndiyo mifupa, kama gari dogo la kawaida. Jeep walikwisha kulifanya hilo katika Cherokee ya mwaka 1984, lakini nadhani aliyebadilisha mwelekeo wa soko ni Toyota Harrier ya mwaka 1997, ambayo mwaka uliofuata iliuzwa Marekani kwa jina la Lexus RX, kwa kuwa msingi wake ulitokana na Camry. Chesisi ikiondoka, sakafu hushuka, na abiria huingia kwa hatua moja bila kukanyaga ngazi. Mwenye gari la chesisi atakuambia kwamba lake huvuta mzigo mzito na halilalamiki kwenye mawe. Mwenye lile jingine atakuambia kwamba lake halirushi watu na halimchoshi dereva. Wote wawili wasema kweli, ila hawazungumzii kitu kimoja. Letu ni la aina ya pili, na yote nitakayoyasema yachukuliwe hivyo.

Sasa nije kwenye magurudumu manne. Kwa kawaida gari letu huendeshwa na magurudumu ya mbele, na yale ya nyuma huitwa kazini pale tu kompyuta inapohisi kwamba ya mbele yanateleza. Katikati ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) na difu ya nyuma (gia zinazoigawa nguvu hiyo kwa magurudumu mawili) kuna kifaa chenye sahani zinazobanana ili kupeleka nguvu nyuma, kisha zikaachana. Nikijaribu kuhesabu mara ambazo bila kifaa hicho tungekwama, sifiki kumi katika miaka yote sita. Hata hivyo kifaa hicho tunakibeba kila siku, kinatumia mafuta yake ya kulainishia yanayohitaji kubadilishwa, na ndicho kilichotupa somo lililotuumiza kuliko yote.

Mwaka wa tatu jiwe lilichana tairi moja ubavuni. Ubavu wa tairi hauzibwi, kwa hiyo muuza matairi akaniuzia moja jipya la ukubwa uleule, akalifunga, nami nikaondoka nikijiona nimebana matumizi kwa kutonunua manne. Yale matatu yaliyobaki yalikuwa yamekwisha kulika karibu nusu. Baada ya wiki kadhaa gari likaanza kuwa zito linapokata kona kwa mwendo wa polepole, kama linalozuiwa na mtu, likaguna chini, na mwishowe taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi. Fundi aliyelinyanyua hakuanza na kompyuta wala oili. Alipitisha kidole kwenye meno ya kila tairi, kisha akaniuliza ni nani aliyenishauri kununua moja.

Nilikwenda nyumbani nikafanya hesabu mwenyewe, maana sikuamini kwamba milimita 4 za mpira zinaweza kuharibu chuma. Tairi letu ni la 235/60 R18, yaani upana wa milimita 235, ubavu wa asilimia 60 ya upana huo na rimu ya inchi 18, ambalo likiwa jipya kipenyo chake ni milimita 739 hivi. Likilika milimita 4, kipenyo hupungua milimita 8, na mzingo wake hupungua kama sentimita mbili na nusu. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita moja tairi lililolika huzunguka karibu mara 5 zaidi ya jipya, na katika safari ya kilomita 100 tofauti hiyo inakaribia mizunguko 470. Kompyuta haijui habari za jiwe wala za kubana matumizi. Inachoona ni gurudumu linalozunguka tofauti na wenzake, na inaweza kudhani linateleza, nayo ikazibana zile sahani ilhali barabara ni kavu. Sahani zikibanwa huku magurudumu hayakubaliani, hupata joto na huchakaa. Gharama ya kuzibadilisha ilizidi sana ile ya matairi matatu niliyokataa kununua.

Tangu hapo matairi yetu hubadilishana nafasi kila kilomita 10,000 ili yalike sawasawa, upepo hupimwa yakiwa baridi, na yakifika mwisho hununuliwa manne kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo tairi jembamba la akiba, lile linaloandikwa kwamba mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, nalitumia kufika kwa fundi aliye karibu tu. Mwenye gari la kuendeshwa na magurudumu mawili hana wasiwasi huu. Ndiyo maana ndugu yeyote akiniuliza, humwambia kwamba kama hana tope la kweli katika maisha yake, achukue gari la aina hii linaloendeshwa na magurudumu mawili tu, kwani yapo, nayo ni mepesi zaidi na yana vitu vichache vya kuharibika.

Kuhusu mafuta sina malalamiko makubwa, ila nina ufafanuzi. Gari letu tupu lina uzito wa kilo 1,850 hivi. Kila taa nyekundu ikitusimamisha, nguvu iliyotumika kuusukuma uzito huo hugeuka kuwa joto kwenye breki, kisha tunaanza upya. Ndiyo maana mjini hutumia lita 13 kwa kilomita 100, na ndiyo maana pedi za breki nazo huisha mapema kuliko za gari dogo. Nje ya mji, nikishika kilomita 100 kwa saa, hushuka hadi lita 9 na kidogo. Hapo adui si uzito tena bali upepo, kwa kuwa uso wa gari ni mpana na mrefu. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kutoka kilomita 100 hadi 120 huongezeka kwa asilimia 44, na mtu anayebeba tena sanduku la mizigo juu ya paa asishangae. Haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, huonyesha tofauti yake kubwa zaidi mjini, kwa sababu sehemu ya nguvu ambayo ingepotelea kwenye breki hurudishwa kwenye betri. Toyota Highlander ya haibridi ilikuwapo tangu mwaka 2005, na laiti tungelifikiria hilo tulipokuwa tukinunua, huenda leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Wapo wanaokimbilia dizeli ili kuokoa mafuta. Jirani yetu alifanya hivyo, na gari lake kwa sehemu kubwa hufanya kazi ya kupeleka watoto shule na kurudi. Dizeli za siku hizi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na masizi hayo huteketezwa pale kichujio kinapofika joto la nyuzi 600 hivi, jambo ambalo halitokei kwa urahisi katika safari ya dakika kumi. Kichujio chake kimeziba mara mbili. Dizeli ni nzuri kwa anayesafiri mbali, na jirani yangu hasafiri mbali.

Siti za safu ya tatu nazo zina habari yake. Dukani tulizisimamisha, tukaona ni saba, tukaridhika. Tulichokosa kuona ni kwamba zikisimama, buti hubaki na nafasi ya mifuko michache ya mkononi, kwa hiyo safari ya watu sita ni safari isiyo na mizigo, au mizigo ipande paani, na paa nalo lina kikomo chake kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Safu hiyo iko juu ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo mtikisiko ni mkubwa, madirisha ni madogo, na magoti hukaribia kidevu. Mtoto wetu wa pili alikuwa akitapika kila tulipomkalisha huko, na alipoletwa safu ya kati aliacha. Mpaka leo siti hizo hulala mwezi mzima pengine bila kusimamishwa, na buti linapokuwa wazi hivyo ndipo gari linapokuwa na manufaa: baiskeli mbili huingia bila kufunguliwa gurudumu. Nakiri kwamba nimejigonga kichwa kwenye mlango wa nyuma mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, kwa kuwa ukiwa baridi haufiki juu kabisa.

Dereva anayetoka kwenye gari la chini hana budi kujifunza upya mambo mawili. La kwanza ni kona. Kitovu cha uzito kiko juu, mwili wa gari huegemea, na usukani ukivutwa ghafla kwa mwendo mkubwa hatari ya kupinduka ni kubwa kuliko ya gari la chini. Mfumo wa kudhibiti utelezi, unaofunga breki ya gurudumu moja moja ili kulirudisha gari kwenye njia yake, umepunguza sana hatari hiyo. Marekani iliulazimisha kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia yale ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2014. Anayenunua la zamani zaidi ahakikishe linao. La pili ni kile ambacho hakionekani. Kukaa juu humfanya dereva aone mbali na kumdanganya kwamba anaona vyote, kumbe boneti refu humficha mtoto aliyesimama mbele ya bampa, na nyuma ni hivyohivyo. Kamera ya nyuma tunaitumia kila siku. Ya mbele hatuna, na ningeilipia kabla ya paa la kioo ambalo watoto walilishangilia kwa wiki moja.

Kuhusu uimara, nitasema kwa kifupi tu kwamba injini haijatusumbua. Vilivyoisha ni vile vinavyobeba uzito: bushi za mikono ya mbele, shokapu za nyuma na beringi moja ya gurudumu. Oili ya giaboksi tuliibadilisha kwenye kilomita 60,000, ingawa muuzaji alisema haibadilishwi maisha yote. Ilitoka nyeusi, nami sijutii.

Watoto wawili wakubwa sasa hawasafiri nasi mara kwa mara, na siti saba hatuzihitaji tena. Juma lililopita nilikwenda kuangalia gari jingine, dogo kidogo, la haibridi, linaloendeshwa na magurudumu mawili. Muuzaji alikuwa amekwisha kufungua boneti na kuanza kunieleza nguvu za injini. Nilimwomba asubiri kwanza, nikatoa futi kamba mkobani, nikapima kutoka chini hadi kwenye kiti cha abiria. Ilikuwa sentimita 61. Mama alikuwa amesimama kando, akakitazama kile kiti, akanitazama mimi, kisha akarudi zake kwenye gari letu akakaa.