Vunjajungu Wangu Ameshindwa Kutaga

SWALI: Assalaam alaykum. Nina vunjajungu jike wa kijani, wa sentimita 7 hivi. Alijivua gamba mara ya mwisho na kutoa mbawa wiki sita zilizopita. Sasa tumbo limefura, siku nne hataki hata panzi, na usiku kucha anazunguka. Namweka katika chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa juu. Nyumbani wananiambia nimbonyeze tumbo taratibu mayai yatoke. Nifanyeje?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Usimbonyeze, tafadhali. Ngozi ya tumbo lililojaa hivyo ni nyembamba mno. Ikipasuka, hakuna wa kuishona.

Huyo kuzunguka kwake ni kutafuta pa kutagia. Vunjajungu hatagi yai mojamoja kama kuku. Hutoa povu kwenye ncha ya tumbo, akayapanga mayai ndani yake, na povu likikauka huwa kifuko kigumu. Kazi hiyo humchukua saa nzima, pengine saa kadhaa, na muda wote ameshikilia kwa miguu. Plastiki inamtelezesha. Tena chupa yenyewe ni finyu: mdudu wa sentimita 7 anahitaji urefu wa 21 na upana wa 14 kwa uchache.

Mhamishe leo. Chukua ndoo ya lita 10 na ufunge mdomo wake kwa kipande cha chandarua. Weka vijiti viwili au vitatu vya mwembe vyenye magome, unene wa kidole, kimoja wima na vingine mshazari, vifike hadi juu. Vibane visitikisike, maana kijiti kikicheza ataacha kazi katikati. Chelewa za ufagio hazifai, ni nyembamba na laini.

Halafu maji. Aliyekaukiwa mwili hutaga kwa shida, basi nyunyizia ubavu wa ndoo matone machache asubuhi na jioni, na umpe tone moja mdomoni kwa ncha ya kijiti. Usimloweshe.

Joto la nyuzi 25 hadi 30 linamtosha. Usiku wa kipupwe mweke chumba cha ndani, mbali na dirisha. Usimwanike juani: ndoo hufukuta upesi. Na hili tunalisisitiza: asikae chumba kinachofukizwa udi wala kilichopigwa dawa ya mbu. Dawa inayoua mbu inamuua na yeye.

Asipokula, mtoe panzi humo, kwani panzi mwenye njaa anaweza kumtafuna. Funika ndoo upande mmoja kwa kitambaa, kisha mwache. Kila ukimchungulia unamkatiza.

Mpe siku tatu hadi saba. Ncha ya tumbo ikigeuka nyeusi, nyama ikichomoza, au akianguka asiweze kushika tena kijiti, hapo hatuna dawa ya kukupa. Endelea kumpa maji tu.

Akishataga atakuwa amesinyaa na ana njaa. Mpe nzi mmoja au wawili siku hiyo, kisha mdudu mmoja wa nusu ya urefu wake kila baada ya siku mbili. Kumshibisha kupita kiasi kunamfurisha tumbo na kumchosha. Kifuko kisiguswe kwa siku nzima mpaka kikauke. Kama hajawahi kupandwa na dume, kwa kawaida hakitaanguliwa, lakini atataga tena, basi vijiti visiondolewe.