Sanduku la kadi za redio la marehemu mjomba

Ndugu, pole kwa msiba. Nimekuelewa: mjomba alikuwa mpenzi wa redio ya ridhaa (kuwasiliana na wenzake hewani kama burudani), kaacha sanduku la kadi za QSL, yaani kadi za posta za kuthibitisha mawasiliano hayo, na madaftari ya mawasiliano, na nyumba ya Nairobi inatakiwa kuhamwa.

Usipange upya chochote. Mpangilio wake nao ni historia. Madaftari, ambayo wengi huyatupa, ndiyo mali kuliko kadi: yana tarehe, saa, masafa na nani alijibu. Kadi ambazo jina la kituo hewani linaanza na VQ4 ni za Kenya kabla ya uhuru, VQ3 za Tanganyika. 5Z4 ya Kenya na 5H ya Tanzania zilikuja baadaye. Na mkusanya stempu asikate stempu hata moja kwenye kadi!

Skani pande zote mbili, nukta 300 kwa inchi au zaidi. Selotepu na laminesheni, hapana. Zenye ukungu zitenge, mwone mtaalamu wa nyaraka kabla ya kuzifuta.

Kisha waandikie Nyaraka za Taifa. Wakikataa, Dokumentationsarchiv Funk, hifadhi ya nyaraka za redio ya Vienna, Austria, hukusanya kadi za aina hii. Makabidhiano yawe kwa maandishi, ndugu wote wakijua, na anwani za walio hai zifichwe kabla picha hazijaenda mtandaoni.