Njia ya kupanda kilima kwa pikipiki hapa Dodoma: anza na mahali pa kushindwia

Mkuu mtoa mada, umeuliza mambo mawili: njia ya mashindano ya kupanda kilima kwa pikipiki inatakiwa iweje, na kama hizi pikipiki za cc 150 za bodaboda zinaweza kupanda. La pili ni jepesi: zinapanda. La kwanza ndilo linalovunja watu miguu, kwa sababu wengi huchagua kilima kwa kutazama kilele. Njia ichaguliwe kwa kutazama pale mpandaji atakaposhindwa. Kwenye kilima kigumu cha udongo wanaoishia katikati huwa wengi, na kila mmoja wao anarudi chini na chuma cha zaidi ya kilo 100.

Kwanza tutenganishe aina. Kuna mbio za kupanda mlima kwa barabara, kama Pikes Peak kule Colorado, Marekani: karibu kilomita 20, kona 156, kuanzia mita 2,862 hadi mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 40 ya nguvu zake. Pikipiki zilishindana pale mara ya mwisho 2019, mwaka ambao mpandaji Carlin Dunne alifariki karibu kabisa na mstari wa kumalizia, kisha waandaaji wakaziondoa. Barabara ya namna hiyo haina mahali pa kushindwia. Kwetu ni sawa na barabara za milima ya Sekenke au Kitonga: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na malori hayakauki. Usianzie huko.

Aina ya pili ni kilima cha udongo. Mstari mmoja, mita 60 hadi 150, pikipiki moja baada ya nyingine. Aliyefika juu anapimwa muda, aliyeshindwa anapimwa umbali aliofikia. Hii ndiyo inayotufaa.

Mwinuko usiukadirie kwa macho, macho hudanganya sana ukiwa umesimama chini. Chukua ubao wa mita 2 na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja juu ya ardhi upande wa mlimani, usawazishe ubao, kisha pima kwa futikamba nafasi iliyobaki chini ya ncha ya pili. Sentimita 60 ni mwinuko wa asilimia 30, karibu nyuzi 17. Rudia kila hatua tano na uandike. Kwa wanaoanza, sehemu kubwa iwe asilimia 25 hadi 35, na kipande kimoja tu kifupi, mita 5 hadi 8, kifike 50. Kipande hicho kikae juu ya nusu ya njia lakini kisiwe mita za mwisho, kwa sababu huko mpandaji amechoka na pikipiki imeshapoteza mwendo. Ukingo wa kilele nao uuchonge uwe wa mviringo. Ukiuacha mkali, gurudumu la mbele linaruka na pikipiki inamlalia mtu kifuani wakati anadhani ameshamaliza. Juu acha tambarare ya mita 40 za kusimamia, isiyo na mawe wala visiki.

Udongo ndio kila kitu. Vilima vyetu vingi ni vya mawe ya matale, na yakichakaa hutoa changarawe ya punje kama mtama iliyolala juu ya ardhi ngumu. Tairi likipita pale ni kama kukanyaga gololi. Jaribu kwa kisigino: kandamiza na uburute kuelekea chini. Kikichimba sentimita 2 au 3 na kuacha alama safi, tairi litauma. Kikiteleza juu ya punje, fagia changarawe mpaka ufikie udongo au tafuta ubavu mwingine. Asubuhi baada ya manyunyu machache mchanga hushikana na kilima kinapandika vizuri ajabu. Ifikapo saa saba mchana kimekauka na ni kilima kingine kabisa. Ndiyo maana kila kundi limalize mizunguko yake yote ndani ya saa moja au mbili, vinginevyo wa mwisho wanaonewa.

Sasa pa kushindwia. Simama kila mita 10 za njia ujiulize: pikipiki ikizimika hapa, itaanguka kuelekea wapi? Ubavu unaoinamia pembeni utaibiringisha nje ya njia, basi upande huo usiwe na mtu, jiwe kubwa wala mgunga. Pikipiki inayorudi haishuki mstari ulionyooka, inatawanyika kama feni, kwa hiyo chini ya kilima pasiwe na watazamaji hata mmoja. Wakae pembeni, angalau mita 15 kutoka kwenye njia, upande ulioinuka. Weka wasaidizi wawili wawili kwenye kile kipande kikali, wenye glavu na kamba, na wakae pembeni kwa sababu gurudumu la nyuma hurusha mawe. Njia ya kushukia iwe tofauti na ya kupandia. Hili halina mjadala.

Pikipiki yenyewe: punguza jino 1 kwenye sproketi ya mbele. Kwa hizi 150 hilo ni karibu sawa na kuongeza meno 3 nyuma, tena bila kurefusha cheni. Klachi ibaki na uhuru wa milimita 2 hadi 3 pale mkono unapoanzia. Ukiibana kabisa sahani zinateleza, zinaungua, na utaisikia harufu kabla hujafika nusu ya mlima. Upepo wa tairi la nyuma, likiwa la njugu na rimu ya spoku, shuka hadi psi 15. Kwa rimu ya kumimina usishuke chini ya 18, jiwe moja linaipasua. Upepo ukiwa mdogo tairi hutembea juu ya rimu na kuvuta mdomo wa tyubu, kwa hiyo nati ya mdomo ilegezwe kidogo ili uone ukianza kulala. Ukilala, toa upepo, urudishe tairi mahali pake. Usipofanya hivyo tyubu itakatika kwenye mdomo na haizibiki. Fundi umeme akufungie swichi ya kuzimia injini yenye kamba ya mkononi, ili ukianguka injini izime yenyewe. Helmeti ya kufunika kidevu, buti ndefu, kinga za magoti. Viatu vya wazi, mtu asipande.

Kupanda: tumia gia ya pili, kwa wengi. Ya kwanza inaishiwa mapema na kuzungusha tairi bure, na kubadili gia katikati ya mwinuko ni kupoteza mwendo ambao hutaupata tena. Chukua mwendo kwenye tambarare ya mita 20 hadi 30, simama juu ya vikanyagio, magoti yakibana tangi, kifua juu ya usukani. Macho yatazame juu, yasitazame gurudumu la mbele. Mbele ikiinuka, usifunge mafuta ghafla: vuta klachi kidogo kwa vidole viwili na usogeze kifua mbele. Nyuma ikizunguka bure, punguza mafuta kidogo na rudisha kiuno nyuma kama kiganja kimoja. Mambo haya mawili yanapingana, na ustadi wote wa kupanda umo kwenye kuyapima.

Ikizimika katikati, breki ya mbele peke yake haitakusaidia, kwa sababu uzito wote umehamia nyuma: gurudumu linafunga na kuburuzika kurudi chini. Achia klachi ikiwa kwenye gia, injini iliyozima ndiyo breki yako ya nyuma. Ilaze pikipiki upande wa mlimani, nawe shuka upande huohuo wa juu. Usishuke upande wa chini hata kama mguu wako umekaa vizuri kule. Kisha vuta mkia uzunguke mpaka mbele itazame bonde, ndipo uishushe.

Ruhusa: anza na serikali ya kijiji na polisi, ukigusa barabara, ya wilaya ni TARURA, ya mkoa ni TANROADS. Kaa mbali na milima ya Kolo, Kondoa, yenye michoro ya kale ya miambani.

Na ardhi. Kondoa tunaijua, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa sababu ya makorongo. Alama ya matairi iliyonyooka kutoka kilele hadi chini ni mfereji tayari, inangoja mvua tu. Mbio zikiisha, siku hiyohiyo kata makinga maji ya mshazari kila mita 8 hadi 10, kina cha sentimita 30, udongo uutupie upande wa chini na maji yaelekezwe kwenye nyasi. Sehemu iliyochimbika jaza mawe na matawi ya miiba, ng'ombe wasipite. Watu kumi wenye majembe wanamaliza njia ya mita 100 kwa jioni moja, na kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya Desemba.