Maswali Yenu: Maajabu ya Nyanda za Juu Kusini

Ni kweli fuvu la Mkwawa limetajwa kwenye mkataba wa Vita vya Kwanza vya Dunia? (Msomaji, Mafinga)

Kweli kabisa. Fungua Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kuikabidhi Uingereza fuvu la "Sultani Mkwawa" ndani ya miezi 6. Mkataba huo una vifungu 440, umepanga mipaka ya Ulaya na fidia za vita, na humo humo Mtwa (mtawala) wa Wahehe ana nafasi yake. Wajerumani wakasema hawajui liliko, shauri likalala zaidi ya miaka 30. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilifuata mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kulikokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Walitumia vipimo: uwiano wa upana na urefu wa kichwa ulilinganishwa na wa ndugu zake waliokuwa hai, kisha likaangaliwa tundu la risasi, maana Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898. Fuvu lilirudi 1954, likapokelewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Liko Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Nenda ukalione.

Nimeokota jiwe jeusi zito shambani. Nitajuaje kama ni kimondo kama kile cha Mbozi? (Vwawa)

Kile cha Mbozi ni chuma kwa takribani asilimia 90, na karibu 9 ni nikeli. Basi anza na sumaku. Isiponata, jiwe lako si la aina hiyo. Ikinata, usishangilie bado, kwa sababu magnetaiti, madini ya hapa hapa duniani, nayo hunasa sumaku. Pima uzito, tuseme ni kilo 2. Weka ndoo ndani ya beseni kavu, ijaze maji mpaka ukingoni kabisa, funga jiwe kwa kamba na ulizamishe taratibu (ukilitumbukiza, maji yataruka na kipimo kitakudanganya). Pima maji yaliyomwagika. Chuma kitamwaga kama robo lita tu, magnetaiti karibu mililita 380, jiwe la kawaida karibu 700. Kisha likwaruze kwenye mgongo wa kigae cha bafuni, upande usiong'aa: likiacha mstari mweusi au mwekundu, ni madini ya chuma ya kawaida. Lenye vitundu vitundu kama mkate mara nyingi ni mavi ya chuma, mabaki ya tanuri za wahunzi. Na hata likifaulu yote, huenda ni kipande cha spea ya lori. Kinachoamua ni nikeli, nayo hupimwa maabara. Ulizia Taasisi ya Jiolojia, GST, Dodoma. Kile cha Mbozi chenyewe, tafadhali, msikichonge.

Mbona maharage yanaiva upesi Dar, huku kwetu yanagoma? (Makete)

Ni hewa, mama, si maharage. Kadiri unavyopanda mlima mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha: nyuzi 100 pwani, kama 94 Mbeya mjini, kama 91 uwanda wa Kitulo. Kuongeza kuni ni kuzipoteza. Maji yakishachemka hayazidi joto, yanakauka tu. Loweka usiku kucha, funika sufuria, ongezea maji ya moto na si baridi. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive, maana uchachu hukaza ganda. Sufuria ya presha ndiyo dawa hasa.

Kipunji ni nyani au ngedere? (Tukuyu)

Kwa vinasaba ni jamaa wa karibu wa nyani, ingawa maisha yake ni juu ya miti. Wawindaji wa Rungwe walimjua zamani. Wanasayansi walimtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe.

Treni ya TAZARA inaweza kwenda Kigoma? (Makambako)

Haiwezi. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Zambia na Afrika Kusini. Reli ya Kati ya zamani ni 1,000, na SGR ni 1,435. Nchi moja, vipimo vitatu. TAZARA na njia ya Reli ya Kati hukutana Kidatu, na pale shehena hushushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye jingine.