Jibu: Kidonge cha moyo kuwekwa chini ya ulimi
Ndugu, umeuliza kwa nini baba yako, aliyeko Kirumba, ameagizwa kuweka nitrogliserini chini ya ulimi kifua kinapombana, badala ya kuimeza. Ikimezwa, ini huvunja sehemu kubwa ya dawa kabla haijaenea mwilini, ilhali chini ya ulimi huingia moja kwa moja kwenye damu, hutanua mishipa na kuupunguzia moyo mzigo ndani ya dakika chache. Aketi kwanza, kwa sababu msukumo wa damu hushuka na anaweza kuanguka. Maumivu yasipopungua baada ya dakika 5, msisubiri kupambazuke, mkimbizeni hospitali ya Bugando. Nakusihi pia umuulize, ingawa ni vigumu mtoto kumuuliza mzazi jambo hilo, iwapo anatumia sildenafili ya nguvu za kiume, kwa maana dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuua.