Kabla ya kukubali kuwa saratani imesambaa, ulizia vinyama vyako

Nilikuwa na miaka 47 damu ilipoanza kunitoka katikati ya mwezi. Miezi mitano nikajiambia hedhi inakaribia kukoma, na mashoga zangu wakaniunga mkono. Usinifuate hapo. Damu isiyo na mpangilio katika umri huo, au hata tone moja baada ya hedhi kukoma, ni ya kwenda kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, cha ndani ya mji wa mimba. Vidonge vya kukata damu havitoshi.

Altrasaundi ilionyesha ukuta wa mji wa mimba umenenepa na ovari ya kushoto ina uvimbe. Nikatolewa kizazi, mirija na ovari zote mbili. Majibu: saratani ya mji wa mimba iliyofika kwenye ovari, hatua ya 3. Nililia siku mbili.

Daktari wa hospitali ya pili hakuisoma hata ile karatasi. "Dada, vinyama vyenyewe viko wapi?" Kumbe maabara huvihifadhi ndani ya vibonge vya nta, na mgonjwa anaweza kuviomba pamoja na vioo vyake vya kutazamia kwa hadubini! Viombe, vibebe mwenyewe.

Vilipotazamwa upya, zilionekana saratani mbili za aina ya endometrioidi: moja imegusa msuli wa mji wa mimba juujuu tu, nyingine imo ndani ya ovari, ganda lake halijapasuka. Hali hii ni adimu, lakini mwaka 2023 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa akina mama, liliitengea nafasi yake: IA3, yaani ndani ya hatua ya 1. Dripu za dawa za saratani nilizopangiwa zikafutwa, nikabaki na kliniki kila baada ya miezi mitatu. Jirani yangu wa wodini naye alikuwa na mbili, ila ganda la ovari lilikuwa limepasuka. Yeye alipewa dripu za dawa za saratani, kaboplatini na paklitakseli. Kwa hiyo matibabu yangu usiyanakili.

Daktari akauliza pia nani kwetu aliugua saratani ya utumbo mpana. Nikamtaja baba mdogo. Kuna hali ya kurithi iitwayo Lynch, ambayo huleta saratani za utumbo mpana, mji wa mimba na ovari katika ukoo mmoja. Vinyama vyangu vikapimwa protini nne, mbili hazikuonekana, ishara kwamba huenda nami nina Lynch. Ndugu zangu wa tumbo moja wakashauriwa kupimwa. Dada ameshaenda. Kaka kila wiki ana safari. Wiki ijayo nampeleka mwenyewe.