Usitibu mashine yako, tibu programu

Mwaka wa kwanza nilipojiunga na wajitolea wanaoihamisha Java, lugha ya kuandikia programu pamoja na mashine yake ya kuziendesha, iende kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, nilifanya jambo ambalo leo ningekukataza. Nilikuwa nyumbani Tudor, Mombasa, usiku, na jaribio moja la kupima Java lilikuwa likianguka kila nikiliendesha. Nikafukua nikaona limeandikwa na mtu wa Linux, mfumo endeshi mwingine: lasoma /proc/self/exe ili lijue programu imekaa wapi kwenye diski. Kwenye Linux njia hiyo utaikuta karibu kila mashine. FreeBSD haikuwekei /proc, folda ya habari za programu zinazoendeshwa, mpaka uipachike mwenyewe. Basi nikaipachika, jaribio likapita, nikalala kwa furaha.

Wenzangu wakasema kwao bado laanguka. Nilibishana nao siku tatu kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nimeitibu laptopu yangu, na ugonjwa nikauacha palepale kwenye programu. Dawa ilikuwa kuiuliza kerneli yenyewe, kiini cha mfumo, kupitia sysctl, njia wanayoitumia wenyeji wa FreeBSD. Mistari michache tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayetaka kuingia kazi hii ni huu: kila ukishikwa na hamu ya kurekebisha kitu kwenye mashine yako ili kazi isonge, simama. Jiulize yule atakayeisakinisha kesho kwenye mashine mpya atakipata wapi hicho kitu. Hati nyingi za amri huanza kwa kuita /bin/bash, programu inayozisoma amri hizo, na kwenye FreeBSD bash ukiisakinisha hukaa /usr/local/bin. Utashawishika kuweka kiungo cha kuelekeza huko, mambo yaishe. Usiweke. Irekebishe hati. Make, programu ya kujengea msimbo, nayo ni hivyohivyo: ile ya FreeBSD si ile ya mradi wa GNU, na OpenJDK, yaani Java ya msimbo wazi, yataka ya GNU, kwa hiyo utaandika gmake.

Mimi sasa hutumia jela, ule uwezo wa FreeBSD wa kutenga mazingira madogo ndani ya mashine moja. Nikidhani nimemaliza, nafuta jela niliyokuwa nikifanyia kazi, naunda nyingine tupu, naanza upya. Yachosha, lakini humo ndimo nilimogundua makosa yangu mengi kuliko mahali pengine popote.

Kuna fumbo la kuku na yai ambalo huwavunja moyo wageni. Sehemu kubwa ya Java imeandikwa kwa Java, kwa hiyo kuijenga kwahitaji Java iliyokwisha kujengwa. Ukitaka toleo la 17, uwe na la 16 au la 17 lenyewe. Zamani, FreeBSD ilipokuwa haina lake, watu walianzia kwa Java ya Linux wakiiendesha kupitia tabaka la FreeBSD linaloelewa programu za Linux. Leo chukua pakiti iliyo tayari, uokoe wiki nzima.

Tena uijue hali yetu ya Mombasa. Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi, laptopu inayojenga OpenJDK huwaka kama jiko la makaa. Mimi huandika gmake JOBS=2, yaani kazi mbili tu kwa wakati mmoja, nikaiacha ifanye kazi polepole, alfajiri, kabla jua halijapanda. Stima nayo yaweza kupotea katikati, kwa hiyo hifadhi kazi yako kila hatua. Na unapochukua msimbo kwa git, chombo kinachotunza msimbo na historia yake, weka --depth 1 upate hali ya sasa tu; historia yote ni mzigo mkubwa kwa anayenunua bando.

Mama aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, kazi hiyo walipwa ngapi?" Nilimwambia silipwi, akanyamaza. Ningetaka nimweleze hivi: Sun, kampuni iliyoiunda Java, ilipoufungua msimbo wake, ikiitangaza mwaka 2006 na kutoa sehemu kubwa ya msimbo 2007, watu wa BSD, familia ya mifumo ambamo FreeBSD imo, waliichukua wakaihamisha wenyewe. Baadaye OpenJDK ya kompyuta za Mac ilijengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Hadi leo ndani ya HotSpot, mashine pepe ya Java, msimbo wa Mac wakaa kwenye folda iitwayo bsd. Mimi nikiifungua folda hiyo huwashukuru watu nisiowajua.

Lililobaki ni viraka, yaani marekebisho ya msimbo unayoyatuma. Kwanza tia sahihi mkataba wa wachangiaji wa Oracle, kampuni iliyoinunua Sun, mapema, kwa sababu bila huo OpenJDK haipokei mstari wako hata mmoja. Kisha tuma kidogo kidogo. Niliwahi kukaa na kiraka kimoja kikubwa miezi mitatu nikikipamba. Nilipokituma, msimbo wa chini yake ulikuwa umeshabadilika, nikaombwa nikigawe mara tisa. Sasa huendesha majaribio ya tier1, kundi la kwanza la majaribio ya msingi, ndani ya jela tupu, nachagua moja lililoanguka, fupi kuliko yote, na sigusi la pili mpaka la kwanza limepokelewa.